Chuma kila mwezi si matibabu: wanaume wa Luena wanadaiwa ukweli kuhusu mrija wa mkojo

LUENA, Haut-Lomami. – Kuna ugonjwa ambao hapa Luena hautajwi mbele ya watoto, hautajwi kanisani siku ya maombi ya wagonjwa, na hata kwenye kituo cha afya unatajwa kwa sauti ya chini. Mwanaume anasimama nyuma ya nyumba dakika tano, dakika kumi, anasukuma kama mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kinachotoka ni uzi, halafu matone, halafu matone mengine kwenye suruali akisharudi kukaa na wenzake. Mke anajua, kwa sababu anaamshwa mara sita usiku. Wengine hawajui chochote mpaka usiku ule mkojo unapokataa kutoka kabisa, tumbo la chini linavimba na kuwa gumu kama ngoma, na baba mzima anabebwa kwenye pikipiki akilia.

Huko anakopelekwa, kama ana bahati, mkojo unatolewa. Akiulizwa kesho yake anaumwa nini, atajibu: "Ni tumbo tu." Na muganga aliyemtoa mkojo atamwambia: "Papa, urudi mwezi ujao tukupanue tena." Atarudi mwezi ujao. Atarudi na mwezi unaofuata. Wapo wanaume ambao maisha yao yamekuwa hivyo kwa miaka, na hakuna mtu aliyewahi kukaa nao chini kuwaambia kwamba ile siyo dawa ya ugonjwa wao. Hilo ndilo kosa, na linafaa kuitwa kwa jina lake.

Ugonjwa wenyewe si uchawi, wala si laana ya mwanamke fulani. Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu hadi nje, kwa mwanaume mkubwa, una urefu wa sentimita 18 hadi 20 hivi. Ukiumia ndani unapona kwa kovu, na kovu la ndani linafanya kile ambacho kovu la moto linafanya kwenye mkono wa mtoto aliyeangukia mbabula: linavuta, linakunja, linabana. Njia inakuwa nyembamba. Kibofu kinajaribu kushinda kwa nguvu, ukuta wake unakuwa mnene, mkojo unabaki ndani na kuoza, usaha unaanza. Kwa wengine mkojo unajitafutia njia nyingine kupitia nyama, na matundu yanatokea chini ya korodani. Mwishoni shinikizo linapanda hadi kwenye figo. Figo hazina kelele; zinakufa polepole, na mwenyewe anadhani anachoka kwa sababu ya umri.

Unatoka wapi? Kwanza kisonono, kile ambacho vijana wanaita sopisi, hasa kile kilichotibiwa nusunusu kwa vidonge vinne vya kununua dukani bila kipimo, na mwenzi wake akaachwa bila kutibiwa. Pili ajali. Mtu anayesukuma kinga yenye magunia ya makala, akateleza na kuangukia chuma cha katikati ya miguu, anaweza kusahau maumivu baada ya wiki mbili, na kovu likamfuata miaka mitatu baadaye. Mchimbaji anayeanguka shimoni, hivyo hivyo. Na kuna reli. Luena imekaa kwenye reli kati ya Tenke na Bukama, na kila mkaaji anakumbuka Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka hapa kwenda Tenke ilipoanguka karibu na kijiji cha Buyofwe, upande wa Lubudi. Watu zaidi ya 60 walikufa, na wengi walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa sababu hawakuwa na usafiri mwingine. Katika ajali za namna hiyo mwanaume akivunjika mfupa wa nyonga, mrija unaweza kuchanika au kukatika kabisa. Mfupa unaunga. Mrija unabaki na kovu.

Sababu ya tatu ndiyo inayowaudhi waganga ikitajwa: mkono wa muganga mwenyewe. Sonde iliyosukumwa kwa nguvu pale ilipokataa kupita. Sonde ambayo puto lake limejazwa maji kabla mkojo haujaonekana, yaani puto likapasukia ndani ya mrija badala ya kibofu. Sonde kubwa kuliko njia, iliyoachwa wiki nyingi bila kubadilishwa. Hakuna haja ya kuficha jambo hili. Duniani kote, hata kwenye hospitali za matajiri, sehemu ya wagonjwa hawa wanatengenezwa hospitalini.

Sasa turudi kwenye kituo cha afya. Mwanaume wa miaka 30 anafika na kusema mkojo unatoka kama uzi. Anaambiwa ni prostati. Kwa mzee wa miaka 65 hilo linaweza kuwa kweli, lakini kijana wa miaka 30 mwenye mkojo mwembamba, aliyewahi kuugua sopisi au kuanguka vibaya, akiambiwa prostati amedanganywa, hata kama aliyemdanganya hakukusudia. Anapewa antibiotiki. Inaisha. Anapewa nyingine. Nyumbani kuna shangazi mwenye mizizi, sokoni kuna mwenye chupa inayotibu mambo kumi na mawili. Hakuna mzizi unaolainisha kovu la mrija. Hakuna kidonge pia. Miezi sita imepita, pesa imepita, ndipo linakuja chuma.

Chuma hicho wengine wanakiita beniké: fimbo ya chuma iliyopinda inayoingizwa kwenye mrija ili kuupanua, ndogo kwanza, kisha kubwa zaidi. Si ujinga wala si kitu cha jana. Wahindi wa kale walikuwa wanapanua mirija kwa njia ya namna hii zaidi ya miaka elfu moja kabla reli haijafika Katanga. Na kwa mtu aliyefungwa mkojo usiku, hakuna anayepaswa kudharau mkono uliomsaidia. Shida si mara ya kwanza. Shida ni mara ya tano.

Kwa sababu kovu likipanuliwa linapasuka, na lililopasuka linapona kwa kufanya kovu jingine. Hata kisu chenye kamera, ambacho daktari Mjerumani Hans Sachse alikileta mwaka wa 1974 na ambacho hospitali kubwa zinakitumia kukata kovu kwa ndani, hakikwepi sheria hiyo. Madaktari wa Afrika Kusini, upande wa Cape Town, walilipima jambo hili kwa haki. Mwaka wa 1997 walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 200 waliogawanywa kwa kura, hawa wakapanuliwa, hawa wakakatwa kwa kisu cha ndani. Tofauti haikuonekana. Baada ya miezi 12, kovu fupi la chini ya sentimita 2 lilikuwa limerudi kwa watu kama 40 kwa 100. Kovu refu la zaidi ya sentimita 4, kwa 80 kwa 100. Mwaka uliofuata, 1998, kundi hilo hilo likaandika kwamba kurudia mara ya pili kunaweza kusaidia wachache kwa muda, lakini mara ya tatu haileti faida ya kudumu.

Mara ya tatu haina faida. Hiyo ni habari ya mwaka wa 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake, na katika vituo vyetu bado kuna mwanaume anayepangiwa mara ya tisa.

Kwa nini? Jibu la heshima ni kwamba muuguzi wa kituo hana chombo kingine, hana kipimo kingine, na mgonjwa analia mbele yake. Hilo ni kweli. Jibu lisilo la heshima ni kwamba mgonjwa anayerudi kila mwezi analipa kila mwezi. Kituo kisicho na mshahara wa serkali kinaishi kwa pesa ya mgonjwa, na hakuna mgonjwa mwaminifu kama huyu: haponi, hafi upesi, anaona haya kwenda kwingine. Hakuna anayesema wauguzi wote wanawaza hivyo. Lakini mfumo unaomlipa mtu kwa kurudia na usiomlipa kwa kutuma mgonjwa mbele, usishangae ukipata marudio.

Kuna tiba inayomaliza, nayo ni kupasuliwa ili mrija utengenezwe upya. Kama kovu ni fupi na liko sehemu ya nyuma ya korodani, daktari wa njia ya mkojo analikata lote na kushona pande mbili nzima pamoja. Katika mikono iliyozoea, wagonjwa karibu 9 kwa 10 wanakojoa vizuri kwa miaka. Kama kovu ni refu, haliwezi kukatwa likaunganishwa, kwa hiyo anachukua kipande cha ngozi laini ya ndani ya shavu na kukishona kama kiraka ili kupanua njia. Wengi wanacheka wakisikia kwamba mdomo unatengeneza uume. Wacheke tu, ngozi ya mdomo imezoea maji maji, na ndiyo sababu inakaa vizuri pale. Hapo wanaofaulu ni kama 8 kwa 10 au zaidi. Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, waliandika wazi kwamba mgonjwa ambaye kovu limerudi baada ya kupanuliwa au kukatwa kwa ndani anapaswa kupewa nafasi ya upasuaji huu, badala ya kurudiarudia.

Watetezi wa chuma wana hoja moja nzuri, na haifai kufichwa. Waingereza walifanya jaribio lao na kulitangaza mwaka wa 2020, wanaume zaidi ya 200 pia, wote kovu limewarudia. Baada ya miaka miwili, waliokatwa kwa ndani na waliotengenezewa mrija wote walisema wanajisikia nafuu, kwa kiasi kinachokaribiana. Ila waliotengenezewa mrija walihitaji kurudi hospitalini kwa tiba nyingine kama nusu ya wenzao. Kwa mtu wa Uingereza ambaye hospitali iko mwendo wa basi na halipi, kurudi ni usumbufu. Kwa mtu wa Luena, kurudi ni treni, ni deni, ni shamba kuachwa. Hoja inayowafaa wao huko ndiyo inayotuangusha sisi hapa.

Na hatari? Zipo, na mwanaume anastahili kuzisikia kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi, si baada. Jeraha linaweza kuoza. Damu inaweza kujikusanya. Mshono unaweza kuachia na mkojo ukavuja pembeni. Kovu linaweza kurudi, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, kwa hiyo hata aliyepona anapaswa kuchunguzwa. Matone kidogo baada ya kukojoa yanabaki kwa wengi. Aliyetolewa ngozi shavuni atakula uji siku kadhaa, na mdomo unaweza kuwa na ganzi kwa muda. Aliyelala saa nyingi miguu ikiwa imeinuliwa anaweza kuamka na ganzi mguuni. Baada ya operesheni atakaa na sonde wiki mbili hadi tatu.

Lakini swali ambalo kila mtu analo na hakuna anayeliuliza ni lile jingine: je, nitabaki mwanaume? Jibu la kweli ni hili. Wapo ambao nguvu zinapungua baada ya upasuaji, na kwa wengi wao zinarudi ndani ya miezi. Wachache hazirudi kama zamani. Wengine mbegu zinatoka kwa uvivu, au uume unapinda kidogo. Kwa waliovunjika nyonga hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ajali yenyewe mara nyingi ilikwisha kuumiza mishipa kabla daktari hajagusa kitu, na kisha lawama inamwangukia daktari. Daktari anayesema "hakuna hatari yoyote" akimbiwe. Jirani anayesema "ukipasuliwa umekwisha" naye akimbiwe, tena kwa mbio zaidi, maana jirani huyo hataji ni nguvu gani anayo mtu ambaye figo zimekufa.

Basi pale mtu anapofikiriwa kupasuliwa, kuna mambo ya kudai. Picha kwanza: dawa inayoonekana kwenye radio inaingizwa kwa mbele, picha inapigwa, na kovu linaonekana liko wapi na lina urefu gani. Ekografi ya tumbo peke yake haitoshi kuonyesha hilo, ingawa inaonyesha kibofu na figo. Daktari anayetaka kukata bila picha anakata gizani. Mkojo upimwe na usaha utibiwe kabla. Damu ipimwe kreatinini ili ijulikane figo zimebaki na kiasi gani. Na mgonjwa aulize bila aibu: dokta, umefanya operesheni hii mara ngapi? Mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi nzuri kuliko zote. Mrija ulioharibiwa na mkono usiozoea ni mgumu kuutengeneza tena. Daktari wa kila kitu, anayetoa ngiri asubuhi na kuzalisha mchana, ni mtu wa kuheshimiwa, lakini hapa heshima yake itaonekana akimtuma mgonjwa mbele.

Na wakati wa kusubiri? Hapa ndipo vituo vyetu vinaweza kufanya kazi nzuri kesho asubuhi bila kungoja Kinshasa. Sonde ikikataa, iachwe. Hospitali iweke mrija mdogo kupitia tumbo la chini, juu ya mfupa, moja kwa moja kwenye kibofu. Watu wanaogopa tundu hilo, lakini linaokoa figo na linaupumzisha mrija ulioumia. Aliyevunjika nyonga huwa anasubiri nalo kama miezi mitatu kabla ya kutengenezwa. Isipokuwa lisije likawa nyumba ya kudumu: mtu anayetembea na mfuko wa mkojo miaka mitatu chini ya koti si mgonjwa aliyetibiwa, ni mgonjwa aliyesahauliwa.

"Sawa," mtu atasema, "pesa iko wapi? Daktari huyo yuko wapi?" Swali la haki. Wakati Gécamines na reli zilipokuwa na nguvu, mfanyakazi na familia yake walitibiwa na kampuni. Makaa ya mawe ya Luena yaliendesha mashine za watu wengine. Leo mtoto wa mchimbaji anauza kinga ya baba ili baba akojoe. Lubumbashi kuna hospitali ya Jason Sendwe na kliniki za chuo kikuu, na njia ya kufika huko kila mtu anaijua ilivyo. Ukifika, gharama inatajwa kwa dola, na asiyelipa anaweza kuzuiliwa asitoke. Lakini hesabu ifanywe mpaka mwisho. Chuma cha kila mwezi kwa miaka minne, pamoja na antibiotiki, pamoja na chupa za sokoni, pamoja na siku ambazo mtu hakulima wala hakuchimba, ni bei ya nini? Na figo zikifa? Mashine ya kusafisha damu haipo Luena, na mwenye kuihitaji anaihitaji mara mbili au tatu kila wiki.

Nchi hii inajua kupeleka daktari wa upasuaji mahali pasipo na daktari. Inafanya hivyo kwa akina mama wenye fistula: timu inakuja, redio inatangaza wiki mbili kabla, wagonjwa wanakusanywa, wanapasuliwa bure au kwa bei ndogo, na tarehe 23 Mei kila mwaka dunia nzima inawakumbuka. Ni kazi njema, na mwanaume asiione kwa wivu. Aione kama mfano. Ugonjwa ni ndugu wa ule: mkojo, harufu, aibu, ndoa inayovunjika, mtu anayejificha. Tofauti ni kwamba mama wa fistula amepata watu wa kumsemea, na baba wa mrija amekaa kimya, halafu anashangaa kwamba hakuna anayemsikia. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC inafundisha madaktari wa njia ya mkojo kwa ajili ya nchi za eneo hili, na madaktari wa Uingereza wamekuwa wakienda kufanya kazi nao bega kwa bega. Si mbinguni. Ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo Divisheni ya afya ya jimbo kule Kamina inaulizwa mambo manne, na mashirika ya raia ya teritwari ya Bukama yangefanya vizuri kuyapeleka kwa barua. Wanaume wangapi katika maeneo ya afya ya jimbo wanaishi na sonde au mfuko leo, na nani anawaandika? Kwa nini kituo kinaruhusiwa kupanua mtu mara ya tatu bila karatasi ya kumtuma kwa daktari wa njia ya mkojo? Lini wauguzi watafundishwa upya kuweka sonde, kwa mafuta ya kutosha, bila nguvu, na puto lisijazwe mpaka mkojo uonekane? Na timu ya upasuaji kutoka Lubumbashi itakuja lini Kamina, hata wiki moja kwa mwaka, kwa wagonjwa waliokwisha kupigwa picha na kuandaliwa?

Wakati majibu yanasubiriwa, mwanaume anayesimama nyuma ya nyumba dakika kumi asingoje usiku wa kubebwa. Aende mchana, na mke wake kama anataka, aseme neno lenyewe: mkojo. Aseme kama aliwahi kuugua sopisi, kama alianguka, kama aliwahi kuwekwa sonde, mwaka gani. Kila karatasi aliyopewa aitunze kwenye mfuko wa plastiki: mara ngapi alipanuliwa, tarehe gani, chuma namba ngapi. Daktari wa Lubumbashi atakachouliza kwanza ni karatasi hizo.